Klara wa Assisi: Mtawa aliyewabana Mapapa hadi wakampa hati ya kutomiliki kitu

Agosti 10, 1253. Katika monasteri ndogo ya San Damiano, nje kidogo ya mji wa Assisi nchini Italia, mtawa mwenye umri wa karibu miaka 60 yuko katika saa zake za mwisho. Anaingia ndugu mmoja akiwa na hati ya ngozi yenye muhuri wa Papa. Mgonjwa anaipokea, anaibusu. Kesho yake anafariki.

Huyo ndiye Klara, ambaye Wakatoliki wanamkumbuka kila Agosti 11. Wengi wanamjua kama binti aliyemfuata Fransisko wa Assisi. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni ya mwanamke aliyebishana na ofisi kubwa kuliko zote Ulaya ya wakati wake kwa miaka mingi, na alichokuwa anakidai ni kitu cha ajabu: apewe haki ya kutokuwa na mali.

Ili uone ajabu yenyewe, hebu kwanza tujue hati za Papa zilikuwa na kazi gani.

Karatasi iliyolinda mashamba

Monasteri ya enzi zile iliishi kati ya watu wenye mikono mirefu. Kuna bwana mwenye ngome jirani. Kuna askofu anayetaka ada yake, na chakula cha msafara wake kila akipita. Na kuna ukoo wa yule aliyetoa shamba: mzee akishazikwa tu, watoto na wajukuu wanakuja wakisema ardhi ile ilikuwa ya familia. (Hadithi hiyo hata huku kwetu tunaijua vizuri.)

Dawa ilikuwa kuomba ulinzi wa Roma. Cluny ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 910, iliwekwa tangu mwanzo mikononi mwa mitume Petro na Paulo, maana yake chini ya Papa, na ikaja kuwa monasteri yenye nguvu kuliko nyingi. Kufikia karne ya 12 monasteri chungu nzima zilikuwa na hati kama hizo. Hati ilitaja mali moja baada ya nyingine: mashamba, mizabibu, misitu, vinu vya kusagia, mabwawa ya samaki, makanisa na zaka zake. Kisha zikafuata haki. Watawa wachague mkuu wao wenyewe. Wasilipe zaka kwa ardhi wanayoilima kwa mikono yao. Nchi ikipigwa marufuku ya ibada, wao waendelee kusali ndani, milango ikiwa imefungwa na kengele zimenyamaza.

Mwishoni kulikuwa na onyo: atakayeivunja hati hii ajue amejiletea hasira ya Mungu na ya mitume. Chini ukaning'inia muhuri wa risasi (madini, siyo ya bunduki), upande mmoja sura za Petro na Paulo, upande wa pili jina la Papa. Kama hati ilikuwa ya kutoa haki, kamba yake ilikuwa ya hariri.

Papa hakuwa na polisi wa kumpeleka kila kijiji. Nguvu ya hati ilikuwa hofu ya kutengwa na Kanisa, na uzito wake mbele ya mahakama za Kanisa. Na haikuwa bure, ofisi ya Roma ilitoza ada. Watu walilipa kwa sababu ilifaa.

Sasa fikiria mtu anakwenda kwenye ofisi hiyohiyo na kuomba hati yenye orodha tupu.

Usiku wa Matawi

Klara alizaliwa mwaka 1193 au 1194, binti wa Favarone wa ukoo wa Offreduccio na mkewe Ortolana. Walikuwa watu wa tabaka la juu, wenye nyumba kubwa karibu na kanisa kuu la San Rufino. Alipokuwa mtoto, raia wa kawaida wa Assisi waliwainukia mabwana zao, wakabomoa ngome na majumba, na familia yake ikakimbilia Perugia, mji jirani ambao ulikuwa adui. Yaani huyu hakujifunza kwenye vitabu kwamba mali huleta vita. Aliona mwenyewe kabla hata hajaota meno yote ya ukubwa.

Mpango wa nyumbani ulikuwa aolewe na mtu wa hadhi. Yeye alikuwa anamsikiliza Fransisko, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeacha vyote na kuishi kama fukara. Jumapili ya Matawi mwaka 1212, kwa hesabu ya wengi, watu walipopanda kuchukua matawi kanisani, Klara alibaki amekaa mahali pake, na askofu akashuka kumpelekea la kwake. Usiku ule akatoroka. Alishuka hadi kikanisa cha Porziuncola bondeni, Fransisko akamkata nywele, akavaa nguo ya kukwaruza.

Kabla hakujakucha wakampeleka kwa masista Wabenedikto wa San Paolo, huko Bastia. Ndugu zake wa kiume wa ukoo wakaja juu. Wakaahidi, wakatisha, wakataka kumbeba. Klara akashika kitambaa cha altare, akafunua kichwa waone nywele hazipo. Wakarudi mikono mitupu.

Kwa nini hawakumburuta tu? Wanaume wale walikuwa na silaha na hasira vyote. Lakini San Paolo ilikuwa monasteri tajiri, yenye hati ya Papa ya aina ile niliyoieleza, na kufanya vurugu ndani yake ilikuwa ni kujitafutia kutengwa na Kanisa. Kwa hiyo usiku ule Klara aliokolewa na karatasi ileile iliyolinda mashamba ya wenzake. Mimi naona jambo hili halisemwi vya kutosha. Hakuwa msichana asiyejua faida ya ulinzi wa Roma. Alikuwa ameshautumia.

Hata hivyo hakukaa pale. Baada ya kituo kingine kifupi, ambako mdogo wake Katarina alimfuata na kupigwa vibaya na watu wa ukoo waliokuja kumrudisha, wote wawili waliishia San Damiano, kanisa ambalo Fransisko alilikarabati kwa mikono yake. Katarina akapewa jina la Agnes. Miaka ikapita, mdogo mwingine, Beatrice, akaja. Mwishowe mama mzazi naye akaingia. Urithi wake Klara aliuuza na fedha akawapa maskini, jambo ambalo jamaa zake hawakulipenda hata kidogo.

Nusu mkate kwa watu 50

Maisha ya San Damiano hayakuwa ya mchezo. Masista walifanya kazi za mikono, na ndugu wa Fransisko waliwazungukia mjini kuomba chakula. Wanawake waliofungiwa ndani hawangeweza kwenda wenyewe mlango kwa mlango kama ndugu walivyofanya. Siku wasipopewa, ndiyo hivyo.

Baada ya Klara kufa, masista walihojiwa kwa kiapo kuhusu maisha yake. Wakasimulia siku ambayo ndani ya nyumba ulibaki mkate mmoja. Klara akaagiza nusu wapelekewe ndugu, na nusu iliyobaki ikatwe vipande 50, kila sista kimoja. Wao waliamini ilikuwa muujiza, kwamba vipande vile viliwatosha. Msomaji anaweza kuamini au kuacha, lakini hesabu inabaki palepale: wanawake 50, nusu mkate.

Yeye mwenyewe alifunga kupita kiasi hadi Fransisko na askofu wakamwamuru ale angalau kipande cha mkate kila siku na aache kulala juu ya matawi makavu. Kuanzia kama mwaka 1224 aliugua, na kwa karibu miaka 28 iliyofuata muda mwingi alikuwa kitandani, akisokota nyuzi na kushona vitambaa vya altare kwa ajili ya makanisa maskini.

Rafiki aliyekuwa Papa

Tatizo la kisheria lilianza mapema. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliamua kwamba anayetaka kuanzisha nyumba ya kitawa achukue Kanuni iliyokwisha kukubaliwa. Klara akalazimika kupokea Kanuni ya Mtakatifu Benedikto na cheo cha abesi, asichokitaka. Na Wabenedikto wana ardhi. Mtawa mmojammoja hamiliki kitu, lakini monasteri inamiliki.

Hapa ndipo kulikuwa na kiini cha ugomvi. Klara hakuridhika na kuwa fukara ndani ya nyumba tajiri. Alitaka nyumba yenyewe isiwe na kitu.

Inasemekana Papa Inosenti III alimpa haki hiyo mapema, mwaka 1216, ila wanahistoria wanagombana kama hati hiyo ni ya kweli. Ambayo haina ubishi ni ya baadaye, na ilitoka kwa mtu aliyekuwa rafiki yake.

Kardinali Ugolino alimheshimu sana Klara. Yeye ndiye aliyekabidhiwa nyumba mpya za wanawake waliotaka kuishi kama San Damiano, na akaziandikia masharti makali: kufungiwa ndani, kunyamaza, kufunga. Mwaka 1227 akachaguliwa kuwa Papa Gregori IX. Fransisko alikuwa ameshafariki Oktoba 1226. Julai 1228 Papa akaja Assisi kumtangaza Fransisko mtakatifu, akapita San Damiano.

Alimshauri Klara apokee mali, kwa sababu nyakati zilikuwa mbaya na wanawake wale wangeweza kufa njaa. Akajitolea kuwapa yeye mwenyewe. Klara akakataa. Papa akadhani labda kinachomzuia ni nadhiri, akamwambia anaweza kumfungua. Klara akamjibu kwamba dhambi zake ndiyo anaomba kufunguliwa, lakini kumfuata Kristo hataki kufunguliwa hata siku moja.

Tumtendee haki Gregori, hakuwa mtu mbaya kwenye habari hii. Mtu anayewajibika kwa wanawake 50 wasio na shamba wala mapato ana haki ya kukosa usingizi. Ulinzi, kwake, ulikuwa ni kuhakikisha kuna ngano ghalani. Kwa Klara, ghala lenyewe ndilo lililoleta hatari, kwa sababu mwenye ghala anahitaji walinzi, kesi na marafiki wakubwa.

Septemba 17, 1228, Gregori akatoa hati, fupi sana. Ina salamu ileile ya ofisi ya Papa na onyo lilelile la mwisho kwa atakayeivunja. Tofauti ni katikati, ambapo ungetegemea kusoma majina ya mashamba. Hapo imeandikwa kwamba masista hawa wasilazimishwe na mtu yeyote kupokea mali. Yaani mashine nzima ya kulinda mali iligeuzwa ikalinda ukosefu wa mali.

Mgomo wa San Damiano

Usidhani ugomvi uliishia hapo. Mwaka 1230 Papa huyohuyo alizuia ndugu wa Fransisko kuingia kwenye monasteri za masista bila kibali chake. Kwa Klara hiyo ilimaanisha hakuna tena wahubiri. Akawarudisha kwa mkuu wao ndugu wote, hata wale waliokuwa wakiwaombea chakula, akisema kama wamenyang'anywa wanaowalisha roho, basi na wanaowaletea mkate nao waende.

Kwa lugha ya leo ungeuita mgomo wa kula, na mgomaji alikuwa mgonjwa wa kitandani. Papa aliposikia akalegeza, akaacha uamuzi mikononi mwa mkuu wa Ndugu Wadogo.

Wakati huohuo, mbali kaskazini, binti wa mfalme wa Bohemia alikuwa kwenye vita hivyohivyo. Agnes wa Praha aliacha ndoa za wakubwa, akajenga hospitali na monasteri, akaingia humo mwaka 1234. Gregori akaiunganisha mali ya hospitali na monasteri ili masista wawe na mapato. Agnes hakutaka. Klara akamwandikia barua, ambazo nne zipo hadi leo. Katika moja anamshauri afuate maoni ya Ndugu Elia, mkuu wa ndugu, na kama kuna mtu mwingine anayemwambia tofauti, amheshimu lakini asimfuate. Hakumtaja jina mtu huyo. Haikuwa lazima.

Mwaka 1238 Papa alimkubalia Agnes. Siasa nayo ilikuwepo: Gregori alikuwa kwenye mvutano mkali na Kaisari Frederick II, na mfalme wa Bohemia, kaka yake Agnes, hakuwa mtu wa kumuudhi.

Mvutano ule ulifika hadi mlangoni kwa Klara. Mwaka 1240 askari wa Frederick, wakiwemo Waislamu waliokuwa kwenye jeshi lake, waliingia hadi ndani ya uzio wa San Damiano. Kumbuka hiyo haikuwa vita ya dini, Kaisari mwenyewe alikuwa Mkristo na adui yake alikuwa Papa. Hati ya hariri na risasi isingesaidia kitu pale. Klara, mgonjwa, aliomba abebwe hadi mlangoni pamoja na chombo chenye Ekaristi, akalala kifudifudi akisali. Askari wakaondoka. Michoro mingi ya Klara akiwa ameinua Ekaristi juu imetokana na siku hiyo.

Mwanamke anaandika Kanuni

Gregori akafa 1241. Inosenti IV, mwanasheria hodari wa sheria za Kanisa, akatoa Kanuni mpya kwa masista mwaka 1247. Ilikuwa na jambo jema, iliwaondoa kwa Benedikto na kuwaweka kwa Fransisko. Lakini iliwaruhusu wazi kuwa na mali ya pamoja. Kwa Klara ilikuwa kurudi mwanzo kabisa. Hati ya 1228 ilikuwa ya nyumba yake, ni kweli, ila yeye akifa nani angeishika?

Basi akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke anayejulikana kulifanya kabla yake na kupata kibali cha Papa: akaandika Kanuni mwenyewe. Aliazima maneno kwa Benedikto, kwa Ugolino, kwa Inosenti, na zaidi kwa Fransisko, lakini katikati aliweka ufukara wa nyumba nzima. Ardhi waliruhusiwa kuwa nayo kiasi tu cha kuwatenga na kelele za nje, na isilimwe isipokuwa bustani ya mahitaji yao. Abesi alitakiwa kukutana na masista angalau mara moja kwa wiki, na kuwasikiliza wote, hata wadogo.

Septemba 1252 Kardinali Rinaldo, mlinzi wa masista, aliipitisha. Klara akashukuru, lakini akajua saini ya kardinali inaweza kufutwa na kardinali mwingine. Alitaka muhuri.

Mwaka uliofuata Papa Inosenti IV alikuwa Assisi na wasaidizi wake wote, akaja kumtazama mgonjwa. Masista walieleza baadaye kwamba hamu ya Klara ilikuwa moja, aibusu hati hiyo siku moja na afe siku inayofuata. Papa, mwanasheria yule aliyeandika Kanuni tofauti miaka sita tu nyuma, aliidhinisha kwa mkono wake, akiandika kwamba ifanyike kwa sababu anazozijua yeye na mlinzi wa monasteri. Hati ina tarehe Agosti 9. Kwa ofisi iliyozoea kuchelewesha mambo, hiyo ilikuwa kasi ya ajabu.

Kwenye mazishi Papa alitaka isaliwe sala ya mabikira watakatifu badala ya sala ya marehemu. Rinaldo akamshauri asiharakishe. Miaka miwili baadaye, 1255, Rinaldo akiwa sasa Papa Aleksanda IV, ndiye aliyemtangaza Klara mtakatifu. (Karne ya 20 Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa televisheni, kwa sababu ya usiku wa Noeli ambao, akiwa kitandani, aliiona ibada iliyokuwa ikifanyika kanisani mbali na pale.)

Kuhusu ushindi wenyewe, ulikuwa mwembamba. Kanuni ile ilihusu San Damiano na nyumba chache. Mwaka 1263 Papa Urbano IV alitoa Kanuni nyingine kwa masista wote, akawapa jina la Shirika la Mtakatifu Klara, na akaruhusu mali. Nyumba nyingi zikaifuata hiyo. Zikawa na mashamba, na hati za kuyalinda.

Hati ya Agosti 9 ikapotea machoni pa watu. Mwaka 1893 masista wa Assisi waliikuta, imefichwa ndani ya vazi la zamani la Klara lililokuwa likitunzwa. Pembeni yake kuna maandishi madogo ya mtu wa wakati ule, yanayosema kwamba Klara aliigusa na kuibusu mara nyingi, nyingi.